Barabara ya Chini ya Maji

Tulimzika Mbithe kule Mukuyuni, jua likiwa kali mpaka mabati ya kanisa yakawa yanalia yenyewe. Mtoto wake wa kwanza alisimama na karatasi akasoma maisha ya mama yake: alizaliwa wapi, akaokoka lini, akaimba sauti ya pili kwenye kwaya, akachimba matuta, akasomesha watoto, akaugua, akaenda. Maneno yalikuwa mazuri, siwezi kuyatia doa. Lakini kutoka kuzaliwa aliruka moja kwa moja mpaka kuolewa, kama mbuzi anavyoruka mtaro. Hakutaja ziwa. Hakutaja boti. Nilimgeukia mama aliyekaa karibu nami nikamwambia, "Wamesoma nusu ya mtu." Akanikonyeza ninyamaze. Mimi nimezaa, nimelea, nina wajukuu wanaonizidi kimo na ambao nikikohoa tu wanasimama wima, na sijanyamaza hata siku moja kwa sababu ya kukonyezwa. Kwa hivyo mwaka ule waliouruka nitausema mimi. Shule niliiacha darasa la nne, kwa hivyo mwenye kutaka maneno ya manukato akatafute kwa wengine. Mimi nina macho, na nina vidole hivi, na vidole vyangu vinakumbuka kuliko kichwa.

Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa msichana wa kutosha kuolewa, ila hakuna aliyekuwa amekuja na mbuzi wa mahari. Basi nikatolewa kwetu Tawa nikapelekwa upande wa Mwingi, kwa shangazi yangu Syombua, aliyekuwa na hoteli karibu na ziwa. Nasema ziwa kwa sababu ndivyo tulivyozoea kuliita. Ukweli ni kwamba lilikuwa mto Tana uliozibwa kwa ukuta, maji yakarudi nyuma, yakapanda mabondeni, yakameza mashamba, miti, mawe ya jikoni ya watu, na barabara ya gari iliyokuwa ikishuka mpaka kivukoni. Nilipofika, ncha za miti zilikuwa bado zinachungulia juu ya maji kama vidole vya mtu anayeomba kushikwa mkono. Shangazi aliniambia siku ya kwanza, kabla sijaweka chini kiondo changu: "Wee mwiitu, wee msichana, hapa sina kazi ya watu wawili. Utakaa mpaka mvua ya Novemba. Ikifika na hujapata la kukuweka, unaenda Kikima kulea mtoto wa mwalimu, wameshaulizia." Kulea mtoto wa mwalimu maana yake ni kulala kwenye mkeka jikoni kwa watu na kuitwa "wewe" mpaka usahau jina lako. Nilimjibu, "Sawa, shangazi." Moyoni nikasema, hamtanipata.

Hoteli yenyewe ilikuwa vyumba viwili vya udongo. Cha mbele kilikuwa na meza mbili na benchi, na jiko la kuni lililopaka dari masizi hadi ikang'aa. Cha nyuma nililala mimi pamoja na magunia ya mahindi, mafuta ya taa, na pembe za mbuzi ambazo shangazi hakutupa kamwe, eti kuna siku zitafaa. Asubuhi nilipika chai na mandazi. Mchana muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe, na siku akichinjwa mbuzi, supu. Samaki hakuingia. Maji yalikuwa yanaonekana kutoka mlangoni, wavuvi Wajaluo waliokuja na nyavu zao wakipita na samaki wa urefu wa mkono, na shangazi akigeuza uso. "Nyoka wa maji," alikuwa akisema. "Sufuria yangu ikiguswa na huyo, naitupa pamoja na aliyeileta." Wateja walicheka. Nilipenda kukaa nyuma ya pazia la gunia nikisikiliza mazungumzo yao. Mmoja analalamika kuwa nyavu zake zimeraruliwa tena na miti iliyozama. Mwingine anamwambia, "Si ununue kisu cha kukata miti chini ya maji." Wa tatu: "Wacha, yeye mwenyewe hawezi kukata mkate." Na katikati ya kicheko hicho siku moja nikasikia mtu akisema, "Samaki wakubwa wako pale kwenye barabara ya zamani. Lakini huko wavu haufiki mzima. Huko ni kwa Nzioka na vijiko vyake."

Mzee Nzioka alikuwa baba yake Mbithe. Ujana wake aliumalizia Naivasha akiwapigia makasia wazungu waliokuwa wakivua kwa kuvuta. Kuvuta ni hivi: hutegi, hungoji. Unaacha uzi mrefu nyuma ya boti, mwishoni kuna kijiko chenye ndoano, na boti inakwenda polepole, kijiko kikiyumba chini ya maji kama samaki mdogo aliyelewa. Samaki mkubwa akimwona mlevi, humaliza kazi. Mzee alirudi nyumbani na mikono yenye sugu na sanduku la bati lenye vijiko, na maji yalipomfuata mpaka mlangoni kwake, alikata mbao akaunda boti ndogo ya watu wawili, akaipaka lami. Lakini macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu. Aliweza kuona boti ikiwa karibu; ncha ya mti ndani ya maji hakuiona mpaka imwambie yenyewe. Kwa hivyo Mbithe ndiye aliyeshika makasia, na walihitaji mtu wa kushika uzi. Mbithe alikuja hotelini kununua chumvi, akaniona nimekaa nasokota katani ya kiondo pajani. Alisimama akatazama vidole vyangu, hakunitazama usoni hata kidogo. "Unaitwa nani?" "Kalekye." "Unaogopa maji?" "Sijui, sijawahi kuyaingia." "Basi huogopi," akasema. "Anayeogopa hujua."

Shule yangu ya kuvua niliipata kwenye ua wao, kavu kabisa, kuku wakizunguka. Mzee alinikalisha kwenye kigoda, akaniambia nifumbe macho na nilaze uzi juu ya kidole cha shahada. Mbithe akaenda nao mpaka kwenye ua wa miiba, akawa anautikisa kwa njia mbalimbali. Mzee anaketi pembeni na fimbo yake, uso umeelekea juu kama kuku anayekunywa. "Hiyo ni nini?" "Sijui, mzee." "Hiyo ni kijiko kinacheza vizuri. Kinatetemeka kama moyo wa mbuzi mdogo. Kariri." Kisha mtetemo ukafa, uzi ukawa mzito. "Na hiyo?" "Kimekufa." "Hakijafa, kimeshika nyasi. Vuta, safisha, rudisha." Kisha ukaja mvuto mmoja wa polepole usioisha. "Huo ni mti. Mti hauna haraka. Mwambie mwenye kasia arudi nyuma kabla hujakata." Kisha uzi ukarukaruka, tap, tap, tap. Nikapiga kelele, "Samaki!" Mbithe akaangua kicheko kule kwenye miiba. "Huyo ni jogoo amekanyaga uzi!" Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Mwiitu wakwa, binti yangu," akaniambia, "samaki hagongi kama mgeni mlangoni. Samaki huchukua kama mwenye nyumba."

Mambo mengine nilijifunza majini. Kwamba boti iende mwendo wa ng'ombe anayetoka mtoni ameshiba. Ikienda mwendo wa ng'ombe mwenye kiu, kijiko kinapanda juu na samaki anakiona cha uongo. Kwamba hukati kona kali, kwa maana uzi unalegea, kijiko kinazama na kukumbatia mti. Unageuka kwa upana kama mtu aliyebeba mtungi kichwani. Kwamba kipande cha risasi cha kuzamisha uzi kinafungwa mbali kidogo na kijiko, kama urefu wa mkono, la sivyo kijiko kinasahau kucheza. Siku ya jua kali tulikipaka kijiko moshi kidogo kisiwe na kelele. Siku ya mawingu tulikisugua kwa majivu mpaka king'ae. Na kwamba samaki akishika, mwenye makasia asisimame. Hilo mzee alilirudia kila asubuhi tukisukuma boti. "Mbithe, akishika ufanye nini?" "Nipige makasia, baba." "Hata Kalekye akilia?" "Hata akiniita mbwa." Ukisimama uzi unalegea, na uzi uliolegea ni mlango ulioachwa wazi.

Lakini la Mbithe lilikuwa kubwa kuliko hayo yote, na ndilo lililonikera walipoacha kulisoma. Mbithe alikuwa anajua barabara. Alizaliwa pale kabla ya maji. Aliikanyaga akienda na punda kuchota maji, akienda shule, akikimbia fimbo. Sasa ilikuwa chini yetu na yeye aliifuata juu ya maji kana kwamba anaiona. Aliweka kwa macho mwamba mweupe wa mlimani nyuma ya bati la kanisa la kule ufukweni, vikikutana anasema, "Tumeingia." Kisha anaanza kupiga makasia na kuniambia kila tunachopita. "Hapa ni kwa kina Mutua. Mbwa wao alikuwa mbaya. Hapa palikuwa na duka la chumvi na sigara. Sasa inua uzi kidogo, kuna kona, na kwenye kona kuna mgunga mkubwa, tulikuwa tunafunga punda pale tupumzike." Mimi nilikuwa nikishika uzi na kuona mji mzima ukipita chini yangu, watu wakisalimiana, mbwa wa kina Mutua akibweka mapovu. Barabara haikuwa na miti, ndiyo sababu kijiko kilipita. Na samaki wakubwa walitembea humo humo. Mzee alisema samaki ni kama mtu, akipata njia iliyolimwa hapiti porini.

Basi mambo yakaharibika. Uzi wa mzee, ule mzuri wa Naivasha, ulikuwa na kipande kidogo cha shaba kati ya uzi na kijiko, kinachozunguka, ili kijiko kikijizungusha uzi usijisokote. Siku moja upepo ulitusukuma, uzi ukanasa, ukakatika, na kile cha shaba kikaenda nao. Kilikuwa cha mwisho. Mzee aliupapasa uzi uliobaki, mfupi, haufai tena kuvuta. Wakati huo kulikuwa na mtu anaitwa Musyoka, mwenye nyavu na mdomo, aliyekuwa akiitaka ile boti tangu zamani. Alikuja jioni hiyo hiyo, kama tai. Alikaa kwenye ua akanywa uji wao, akasema, "Mzee, macho hakuna, uzi hakuna. Unawaachia wasichana boti wachezee? Hawa wataolewa kesho. Nipe mimi." Mbithe alikuwa anachambua dengu. Aliendelea kuchambua, lakini mawe yakawa yanarushwa karibu na miguu ya Musyoka. Mzee akasema neno ambalo mimi sikulisahau: "Boti haikai na watu wanaorudi mikono mitupu. Kabla ya mvua ya Novemba, hawa wasichana wakivuta samaki mmoja kwa uzi wao wenyewe, mimi nikiwa hapa nimekaa, boti ni yao. Wakishindwa, Musyoka uje na watu wa kuibeba." Musyoka akamaliza uji akasema, "Nitakuja na watu wanne." Nilirudi hotelini nikihesabu mawingu. Mvua ile moja ilikuwa imebeba boti ya Mbithe na mkeka wangu wa Kikima.

Uzi niliutengeneza mimi. Wavuvi walitupa vipande vya nyavu zilizoraruka. Nilivifumua, nikachukua nyuzi za nailoni, nikazisokota pajani mbili mbili vile mama zetu wote wanavyosokota katani, mkono ukisukuma mbele. Nilisokota nyuma ya pazia, nikawa nasokota huku nasikiliza wateja, mpaka paja likawa jekundu kama limeungua. Uzi ulitoka wa ajabu. Mzee aliupitisha kati ya vidole, akauvuta kwa meno, akasema, "Huu unafunga fahali." Nikatembea siku nzima kichwa juu. Tukaingia majini asubuhi yenye vumbi, mlima haukuonekana vizuri. Kijiko kilicheza vizuri kidoleni mwangu, tukapita kwa kina Mutua, tukapita duka la chumvi, na tulipokaribia kona, uzi ukachukuliwa. Haukugongwa, ulichukuliwa. Boti ilisimama kana kwamba imeshikwa mkia. "Piga makasia!" nikapiga kelele. "Napiga!" "Piga, wewe mbwa!" Alipiga mpaka benchi likalia, uzi ukaniingia kwenye nyama ya kidole, na ghafla nikaanguka chali ndani ya boti, miguu juu. Uzi ulirudi mwepesi. Mwisho wake ulikuwa umefumuka kabisa, nyuzi zimeachana kama nywele za mtu aliyetoka kugombana.

Na sisi tukagombana. "Uzi wako!" "Makasia yako!" "Makasia yangu yana nini? Nilipiga vile baba alisema!" "Ulitoka barabarani!" Hapo nilikuwa nimemtukana kabisa. Aliweka makasia chini. "Mimi? Nitoke barabarani? Kalekye, wewe hata kwenu Tawa unapotea ukienda sokoni." Tulikaa pale tukiyumba, tukilia kwa hasira, kila mtu ameangalia upande wake, tukimlilia yule samaki. Alikuwa mkubwa. Kila tulivyomsimulia alizidi kuwa mkubwa. Mpaka jioni alikuwa na ukubwa wa ndama. Mzee alitusikiliza, akachukua ule mwisho uliofumuka, akauzungusha vidoleni. "Kijiko kinazunguka upande huu," akasema. "Wewe umesokota upande ule. Kila mkipiga makasia, kijiko kinafumua kazi yako. Na ukisokota upande wake, kitakaza mpaka uzi ujikunje mafundo. Tatizo si nguvu." Kisha akaongeza, "Na sina shaba." Basi. Nilisokota vile bibi yangu alivyosokota, na kwenye kiondo hilo halina kosa, kwa sababu kiondo hakivutwi na kijiko.

Mawingu yakaanza kukaa upande wa Mbooni, na shangazi akaanza kuniuliza kama nguo zangu za kwenda Kikima zimefuliwa. Siku hiyo alikuwa amefunga mbuzi nyuma ya hoteli kwa kamba ndefu, wa kuchinjwa Jumamosi. Nilikaa mlangoni namenya viazi na kumtazama. Alizunguka kigingi, akazunguka, akazunguka tena, na kamba haikujisokota. Niliacha kisu nikaenda kuangalia. Pale kambani palikuwa na kile kipande cha mti ambacho kila mchungaji wa kwetu anakijua tangu utoto na hakuna anayekitazama: mti wenye tundu, ndani yake kijiti chenye kichwa, kijiti kikizunguka mti haujali. Nilipiga kelele mpaka mbuzi akajinyea. Shangazi akatoka na mwiko. "Umeumwa na nini?" "Shangazi, sijaumwa! Nimepona!"

Kwanza nilikichonga cha mti, kidogo kama punje ya mahindi. Kikanywa maji, kikavimba, kikagoma kuzunguka. Mbithe, ambaye tulikuwa bado hatusemezani vizuri, alikishika akasema, "Mti unakunywa. Tafuta kitu kisichokunywa." Tukaangaliana. Nikaingia chumba cha nyuma nikaanza kufukua zile pembe za mbuzi. Tulikata kipande cha pembe, tukakitoboa kwa msumari uliotiwa motoni, harufu ikajaa hotelini wateja wakafikiri shangazi ameunguza kwato. Tukapitisha msumari mdogo, kichwa kikabaki ndani, mwisho tukaukunja uwe pete. Tulikizungusha kwa pumzi tu, puu, kikazunguka. Shangazi alisimama juu yetu. "Hizo pembe ni zangu," akasema. Mbithe akamjibu, "Mwaitu, mama yetu, si ulisema kuna siku zitafaa?" Shangazi akaenda zake, lakini nilimwona akitabasamu kwa mgongo.

Mvua ilikuwa inanuka hewani asubuhi tuliyoingia. Mzee alikaa ufukweni juu ya jiwe, fimbo kati ya magoti, na Musyoka alikuwa amesimama nyuma yake na watu wake, eti amekuja kusalimia. Mwamba mweupe ukaingia nyuma ya bati. "Tumeingia," Mbithe akasema. Kwa kina Mutua. Duka la chumvi. Kona, nikainua uzi, tukazunguka kwa upana. Kisha barabara ikaanza kushuka kuelekea kivukoni, pale maji yanapokuwa meusi, na Mbithe akapunguza mwendo kidogo kidogo ili kijiko kizame pamoja na barabara. Kidole changu kilikuwa kinasikia moyo wa mbuzi mdogo. Halafu mwenye nyumba akachukua. Safari hii uzi ulikwenda kushoto, ukaenda kulia, ukashuka, ukapumzika, ukaanza tena. Mbithe hakusimama. Alipiga makasia uso umekunjamana, jasho likidondoka kidevuni, na mimi sikumwita mbwa, nilimwita "mwaitu, mwaitu," sijui kwa nini. Nilivuta mkono kwa mkono. Uzi wangu ulikuwa mgumu kama ulivyotoka pajani, haukuachia hata uzi mmoja. Alipofika juu tukaona kichwa kipana cheusi na ndevu, kambare, mdomo wazi kama mtu anayetaka kusema jambo. Mbithe akaingiza kiondo changu kikuukuu chini yake, maji yakamwagika kupitia katani, samaki akabaki.

Tulipofika ufukweni tulishuka na samaki mikononi. Tulimlaza miguuni pa mzee. Aliinama akampapasa kutoka ndevu hadi mkia, polepole, kama mtu anayepapasa uso wa mtoto aliyerudi kutoka mbali. Kisha vidole vikapanda na uzi, vikafika kwenye pembe, vikasimama. Akaizungusha. Akaizungusha tena. "Hiki ni nini?" "Ni cha mbuzi, mzee," nikasema. "Cha kufungia mbuzi." Mabega yakaanza kutikisika, nikafikiri analia, kumbe anacheka. "Miaka yote ile Naivasha nilikuwa nikiokota shaba za wazungu chini," akasema, "na nimekulia na mbuzi." Kisha akageuza uso upande wa Musyoka, akamkosa kidogo, akaongea na mmoja wa watu wake. "Musyoka, asante kwa kuja. Umeleta watu wenye nguvu. Wasaidie hawa wenye boti kuivuta juu, mvua inakuja." Na wakaivuta. Musyoka mwenyewe alishika upande wa nyuma.

Shangazi alituona tukija na yule samaki kwenye kiondo, mkia unaning'inia nje. Akasimama mlangoni mikono kiunoni. "Ana ndevu," akasema. "Ana ndevu kama chifu." "Ndiyo, shangazi." "Hataingia hapa." Tukasimama. Mvua ikaanza kudondoka, matone mazito, yale yanayorusha vumbi. Alitutazama tulivyokuwa tunalowa na kucheka bila sababu, akamtazama samaki, akatema mate pembeni. "Leteni ile sufuria iliyotoboka," akasema. "Hiyo hata nikiitupa sitaililia." Alimpika kwa nyanya na kitunguu, uso ameugeuzia ukutani, na akampeleka kwa wavuvi wa Kijaluo, wakamlamba mpaka mifupa, wakaomba ugali mwingine. Mwisho wa jioni nilimwona shangazi akiwa peke yake jikoni, akichovya kidole kwenye mchuzi uliobaki. Nikarudi nyuma ya pazia la gunia. Kesho yake alinituma dukani na hakutaja Kikima. Hakuitaja tena kabisa. Wiki ile ile sufuria iliyotoboka ilipelekwa kuzibwa.

Tulivuta na boti ile mpaka Mbithe alipoolewa Mukuyuni na mimi nikarudi Tawa na mume. Miaka ikapita, ukaja ukame ule wa kufanya hata ziwa lilegee. Mbithe akanitumia neno: barabara imetoka. Tulikwenda sisi wawili, kila mtu na mtoto mgongoni, tukashuka kwa miguu mahali tulipokuwa tukipita juu. Matope yalikuwa yamekauka na kupasuka kama mgongo wa mamba. Mawe ya jikoni kwa kina Mutua yalikuwa palepale. Tukafika kwenye kona, na mgunga ulikuwa umesimama, mweusi, umekufa lakini haujaanguka, kando ya barabara kwa hatua nyingi tu. Na juu, mahali ambapo hata mtu mrefu hafiki, kitu kilikuwa kinang'aa. Mbithe alinishikia mtoto, nikapanda na sketi yangu. Kilikuwa kijiko. Ndoano imezama kwenye tawi, na kwenye tundu lake kulikuwa na shungi la nailoni, nyuzi zimeachana kama nywele za mtu aliyetoka kugombana.

Nilishuka nacho. Tulikitazama wote, watoto wakilia, na yule samaki wetu wa ukubwa wa ndama akafa mbele ya macho yetu. "Ulitoka barabarani," nikasema. Mbithe akakaa chini kwenye matope yaliyokauka, akacheka mpaka mtoto akanyamaza kumshangaa. "Kalekye, tulimlilia mti," akasema. "Lakini tazama uzi wako. Ulishindwa hata na mti." Na hapo alikuwa amesema kweli, na mimi nilikuwa nimesema kweli, na tungejua siku ile kwamba ni mti, tungerudi nyumbani kimya na nisingetazama kamba ya mbuzi hata kidogo.

Basi kule Mukuyuni, karatasi ilipokwisha kusomwa, pastor akauliza kama kuna rafiki mwenye neno fupi. Mama aliyenikonyeza alinishika sketi. Nikasimama. Nikawaambia watoto wake kwamba mama yao aliijua barabara iliyo chini ya maji kuliko wengi wanavyoijua iliyo juu, na kwamba boti ilikuwa yake kwa haki, na nikawasimulia mambo haya kwa ufupi, hata yule samaki wa kwanza aliyetukatia uzi, ila habari ya mgunga nikaiacha. Watu walikuwa wanacheka kando ya kaburi, na mtoto wake wa kwanza alikuwa anacheka huku anapangusa macho kwa ile karatasi. Pastor, mtu wa Kikima, kijana mwenye adabu, akainama kwangu akaniuliza, "Na huyo aliyewatoroka, Susu, bibi yangu, alikuwa mkubwa kiasi gani?"

"Mwanangu," nikamwambia, "bado amesimama palepale. Ziwa likishuka, nenda ukampime."